Nahodha Aliyetuambia Tushuke

Siku hizi watu wa kwetu wakimtaja Nahodha hutabasamu, na tabasamu hilo linanichefua. Wanamtaja kama babu mcheshi wa zamani, mzee wa vituko. Wanasahau kwamba nusu ya mji ilikuwa haimsalimii. Wanasahau kwamba walimtoa mkutanoni wamemshika mikono kama mwizi wa kuku. Mimi sijasahau. Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa matete tu, na kila alichosema kwa sauti, yaani karibu kila alichosema, tulikisikia.

Mji wetu uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, si mbali na Ikola. Ni mdogo, ukisimama mlimani unauona wote kwa mara moja: msikiti, kigango, mwalo wanakoshushia samaki, na nyumba zilizobanana katikati kama watu wanaoogopa baridi. Kabla ya barabara, mtu akitaka kwenda vijiji vya kaskazini alipanda chombo cha tanga. Vyombo hivyo vilichongwa pale pale mchangani, na matanga yake yalishonwa pale pale, na kila ukoo ulikuwa na mtu aliyewahi kushika usukani. Nilipopata akili vilikuwa vimebaki vichache, na cha Nahodha ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Ubavuni mwa chombo chake alikuwa amepaka mstari mweupe. Abiria walipanda, mizigo ikapakiwa, yeye amesimama majini anautazama mstari. Maji yakiufikia, aliinua mkono na kumwambia aliyepanda mwisho: "Shuka." Hakuongeza neno. Ukiwa mwenyekiti, shuka. Ukiwa katekista, shuka. Siku moja alimwambia shangazi yake mwenyewe, aliyekuwa amebeba jogoo, na yule bibi alipokataa, Nahodha alimbeba yeye na jogoo wake akawaweka mchangani.

Harusi ya binti wa jirani yetu ndiyo iliyomkosanisha na watu wengi. Bwana harusi alikuwa wa kijiji cha kaskazini. Msafara ulifika ufukweni na kwaya nzima, ngoma, magunia ya mchele, mbuzi, na mashangazi waliovaa sare.

"Nusu leo, nusu kesho," Nahodha alisema.

"Nusu ipi iende harusini?" baba wa bibi harusi aliuliza kwa ukali.

"Mtachagua nyie. Mchele usiposhuka, kwaya itashuka."

Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe kwaya ilibaki. Harusi ikafungwa bila wimbo hata mmoja, na ile familia haikumsamehe. Nakumbuka mama yangu alisema Nahodha ana roho mbaya, anafurahia kuharibu shughuli za watu. Mimi nilimwamini mama.

Kuna asubuhi alikuwa hasafiri kabisa. Aliangalia milima ya ng'ambo, upande wa Kongo, na ikionekana wazi mno, kila korongo na kila mti, alikunja tanga; kwake hiyo ilikuwa dalili ya upepo. "Tutaona kesho," alisema. Wafanyabiashara wa migebuka walimzomea. Samaki hawasubiri kesho, walisema. Na niseme ukweli, alikosea mara nyingi. Siku nyingi alizokataa kusafiri, ziwa lilitulia kama uji uliopoa, na watu walimpita pale barazani wakicheka huku yeye ananywa chai, ameligeuzia ziwa mgongo. Alikuwa hajitetei. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

Tanga lake lilikuwa la viraka. Lilikuwa na turubai la lori, mifuko ya unga, na pazia la zamani la kanisani alilopewa na padri. Alilishona mwenyewe baada ya sala ya alasiri, limetandazwa kuanzia mlangoni kwake mpaka kwetu. Ilikuwa lazima kulizunguka. Ukilikanyaga alikupigia kelele mpaka ukasahau ulikuwa unakwenda wapi. Halafu jioni ile ile ungemkuta anazungumza na mbuzi wake kwa upole, anawauliza kama wameshiba.

Yule yule aliyekuwa hatoki msikitini siku ya Ijumaa ndiye aliyeleta sanamu ya Bikira Maria ya kigango chetu kwa chombo. Waliompokea walikuta ameifunga kwa blanketi lake mwenyewe, yeye amesafiri anatetemeka. Katekista alipoishika shingoni kuiteremsha, Nahodha alimkemea mbele ya waumini: "Hivyo ndivyo unavyombeba mama yako?"

Hakujua kuogelea. Watu hawaamini nikiwaambia. Mvuvi mmoja alipomcheka kwa hilo, alijibu: "Ningejua kuogelea ningekuwa mzembe." Na alikuwa hali samaki. Alikula ugali na maharage, na kisamvu, na karanga. Ukimuuliza sababu alisema yeye na samaki wamekubaliana wasilane.

Sitaki kumpaka mafuta. Alikuwa mgumu hata kwa waliompenda. Mke wake alichoka kukaripiwa akarudi kwao Usevya, na Nahodha, ambaye aliwahi kuvusha wajawazito kwenda zahanati katika mawimbi ambayo wengine walikataa hata kuyatazama, hakupanda basi hata mara moja kwenda kumwomba radhi. Binti yake aliniambia hajawahi kumsikia baba yake akisema pole. Alikuwa na hasira nyingi, na hazikujua kuchagua.

Basi ikaja boti ya injini. Mwenye boti alikuwa mfanyabiashara aliyetoka mjini, mtu wa kucheka na watu, anayejua jina la kila mtoto. Boti yake ilifika kijiji cha kaskazini kabla jua halijawa kali, na alikuwa hamwambii mtu shuka. Alisema, "Sogeeni, sogeeni, nafasi ipo." Watu walimpenda kwa neno hilo. Vyombo vya tanga vikaanza kuvutwa mchangani kimoja kimoja. Vingine vikapasuliwa kuni.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa ya soko. Mama na mdogo wake, mama yangu mdogo, walikuwa wanapeleka mahindi na bata kaskazini. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimewasindikiza na beseni kichwani. Boti ilikuwa imejaa mpaka watu walikaa kwenye ukingo, miguu nje. Maji yalibakisha kiganja tu kuingia ndani. Na watu bado walipanda.

Nahodha alitoka kwake bila shati. Aliingia majini akakamata kamba ya mbele.

"Boti hii imejaa," alisema.

Kijana wa injini alicheka. "Mzee, zamani zako zimeisha. Nenda kashone viroba vyako."

"Haitoki."

"Achia kamba, mzee!"

Abiria wakaanza kumzomea, maana walikuwa wanachelewa soko. Nahodha akawatazama nyuso zote, macho yake yakaangukia kwa aliyekuwa karibu. Alikuwa mama.

"Wewe mama! Umezaa watoto, akili ukaiacha leba? Shuka!"

Watu waliangua kicheko. Mama yangu hakuwa mtu wa kutukanwa mbele ya watu. Alifunga kanga yake vizuri, akateremka, maji yakamfika mapajani, akamfuata Nahodha ili amjibu uso kwa uso.

"Dada, achana naye," mama mdogo alimwita kutoka kwenye boti, amewapakata bata. "Panda tuondoke."

"Naja. Ngoja nimjibu huyu."

Na akamjibu. Alimwambia kila kitu ambacho mji ulikuwa unasema nyuma ya mgongo wake, kuanzia harusi mpaka mke wake aliyeko Usevya. Nahodha alikuwa amemgeukia yeye, na hapo ndipo vijana wawili wa boti waliporuka, wakamsukuma. Kamba ikamponyoka, injini ikanguruma. Mama alipogeuka, boti ilikuwa imeshaondoka. Mama mdogo alikuwa amesimama katikati ya watu, anampungia mkono kama kusema basi utakuja kesho.

Mama alirudi nyumbani analia kwa hasira. Soko limempita, mahindi yake yamekwenda bila yeye, na amedhalilishwa. Alimtukana Nahodha njia nzima, na alipofika aliendelea kumtukania kwenye ua wa matete ili asikie.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini alipokuja mvuvi mmoja anapiga kasia kama mwendawazimu. Alianza kupiga kelele kabla hajafika. Boti ilikuwa imepinduka nyuma ya ncha ya mawe inayoingia ziwani kaskazini mwa mji. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, mawimbi ya kwanza yakaingia ndani, watu wakahamia upande mmoja, ikaisha.

Ufukwe ulijaa watu wanaopiga mayowe. Boti nyingine ya injini ilikuwepo, lakini haikuwa na mafuta, na mwenyewe alikuwa Mpanda. Wavuvi walichukua mitumbwi. Nahodha alisukuma chombo chake. Aliita, "Wenye mikono, twendeni!" na wavuvi wachache wakaruka ndani. Nililiona tanga lile la viraka likipanda, pazia la kanisa likiwa juu kabisa, na upepo ule ule uliozamisha boti ukalijaza, chombo kikaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona.

Alirudi na watu. Wengine walikuwa hai, wanatapika maji. Wengine walikuwa wamelazwa chini ya tanga. Aliwateremsha mmoja mmoja, halafu akageuza chombo akaenda tena. Alikwenda mpaka giza likamzuia. Mama alisimama majini kila chombo kilipofika, anafunua nyuso. Mama mdogo hakuwemo. Alionekana kesho yake, kwenye matete, na waliomwona waliomba tusimfunue.

Mama hakumshukuru Nahodha. Watu walimshangaa, wakamwambia yule mzee amekuokoa, nenda kamwambie asante. Mama alikaa matangani siku zote ameinamisha kichwa, halafu siku ya kuanua matanga aliniambia mimi peke yangu: "Kwa nini hakumtukana na mdogo wangu?"

Sasa sikilizeni mji wetu ulivyofanya. Mwenye boti alitoa mchele na maturubai kwenye kila msiba. Alilia na kila familia. Ulipoitishwa mkutano, alikaa mbele, kwenye viti, pamoja na wakubwa waliokuja na gari. Mkubwa mmoja alisimama akasema ajali imesababishwa na hali ya hewa. Akasema ziwa letu lina vyombo vya kizamani visivyoweza kudhibitiwa, na kwa hiyo, kwa usalama wa wananchi, kuanzia siku hiyo vyombo vya tanga ni marufuku kubeba abiria. Injini zitaendelea, kwa utaratibu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama mama, naye alikuwa amefumba macho.

Nahodha alisimama nyuma kabisa. "Mheshimiwa, iliyozama ni ya injini."

"Mzee, upepo hauchagui chombo."

"Upepo huo ndio ulionipeleka kuwaokota!" alipiga kelele. "Mbona mimi na tanga langu haukutuzamisha? Nilikuwa ndani yake! Watu walijazwa kama dagaa kwenye gunia, nyie wote mliona! Wewe uliona! Na wewe!" Akaanza kuwanyooshea kidole, mtu kwa mtu, na kila aliyenyooshewa aliangalia chini. Hakuna aliyesimama. Familia zilizokuwa zimekula mchele wa mwenye boti hazikusimama. Waliookolewa na tanga lake, nguo zao labda zilikuwa hazijakauka vizuri, nao hawakusimama. Migambo wakamshika mikono wakamtoa, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Hakuwahi kusafiri tena. Chombo chake kilikaa mchangani mpaka mbao zikaachana. Tanga aliwapa wanawake wa mwalo, wakalitandaza kuanika dagaa. Halafu siku moja alifunga mbuzi wake kamba, akahamia kwa binti yake Kabungu, kwenye mashamba ya mahindi, mahali ambapo hata ukipanda juu ya paa huoni ziwa.

Mimi niliolewa Mpanda, nikaanza biashara ya dagaa, na Kabungu nikawa napita. Kila nilipokuja kuchukua mzigo ziwani, mama aliniwekea mfuko mmoja pembeni, dagaa wazuri waliokaushwa vizuri.

"Mpelekee yule mzee."

"Mama, Nahodha hali samaki."

"Najua. Mpelekee."

Nilimpelekea. Nahodha aliufungua mfuko, akanusa, akakunja uso. "Mwambie mama yako sili samaki." Nilirudisha salamu hiyo, na mama akasema, "Mwambie najua." Wakaendelea hivyo miaka na miaka. Mfuko ulikwenda, karipio likarudi, na bata wa binti yake walinenepa kwa dagaa wale. Mama alifariki mwaka jana. Nilipompelekea Nahodha habari hizo hakusema pole. Aliniuliza kama tulimzika mahali maji hayafiki, nikamwambia ndiyo, akaitikia kwa kichwa, akanipa gunia zima la karanga niende nalo matangani.

Sasa nifike kwenye hili lililonifanya niandike. Mwaka huu mji wetu umegundua kwamba una urithi. Barabara ni nzuri, wageni wanakuja, na vijana wa kamati wakaamua kufanya tamasha la vyombo vya tanga. Walikuja mpaka Kabungu kumwomba Nahodha awe mzee wa heshima. Walimletea fulana yenye picha ya chombo. Binti yake alinisimulia kwamba mzee aliwasikiliza vizuri, akawakaribisha chai, akasema atakuja kwa sharti moja: kabla ya tamasha kuanza, majina ya waliokufa yasomwe mbele ya watu, na isemwe walikufa kwenye chombo gani.

Vijana walitazamana. "Babu, lakini hii ni sherehe ya furaha."

"Basi furahini," aliwaambia, akawarudishia fulana.

Mimi nilikwenda, kwa sababu waliniagiza dagaa wa wageni. Vyombo vilipambwa, matanga mapya meupe yana matangazo ya biashara. Hakuna aliyejua kuviendesha, kwa hiyo vilivutwa na boti za injini, kamba ndefu ili boti zisionekane kwenye picha. Hemani, kiti cha mbele, alikaa mwenye boti. Amezeeka vizuri, ana mvi safi. Mshereheshaji akamwita kama mzee wetu, mdau wa usafiri wa ziwa.

Akachukua kipaza sauti. Akasema tusisahau tulikotoka. Akasema enzi za vyombo vya tanga zilikuwa za mashujaa lakini zilikuwa za hatari, akakumbusha ile ajali kubwa iliyochukua ndugu zetu, akasema ndipo yeye na wenzake walipojitolea kuleta injini ili msiba ule usirudi tena.

Watu wakapiga makofi. Watu wazima, waliokuwepo, walipiga makofi.

Nilisimama. Nilisema kwa sauti yangu yote, "Mwongo! Si kweli!" Mshereheshaji akaita muziki, spika zikanguruma. Dada mmoja wa kamati alinishika bega kwa upole: "Mama, tafadhali, usituharibie shughuli." Vijana walionizunguka walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyelewa mchana. Hawakujua ninakataa nini. Hawajawahi kuambiwa.

Kesho yake nilipanda basi, nikashuka Kabungu. Nahodha alikuwa uani anapukuchua mahindi, amedhoofu, mikono tu ndiyo imebaki mikubwa. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kumsimulia kila kitu, hema, matanga yenye matangazo, kamba, hotuba, neno kwa neno. Nilitegemea apige kelele. Nadhani nilikuwa nimekwenda kwa ajili hiyo, nimsikie akipiga kelele, nipumue.

Aliendelea kupukuchua. "Na wewe ulifanyaje?"

"Nilisimama. Nikasema ni mwongo."

"Walisikia?"

"Muziki ulikuwa juu."

"Basi hujasema."

Nikaumia. Nikamwambia, "Babu, nimetoka kule asubuhi hii nije nikuambie."

Hapo ndipo alipoinua macho, na hasira ile ya zamani ilikuwemo yote, haijapungua hata kidogo. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Kawaambie wao."

Akarudi kwenye mahindi yake. Hakunisindikiza.

Basi nasema, na hapa hakuna muziki. Boti iliyozama ilikuwa ya injini. Ilijazwa mbele ya macho yetu, na mtu mmoja tu ndiye aliyeingia majini kuizuia, na tulimzomea. Halafu tukapiga marufuku chombo chake. Hakuna tanga lililomzamisha mama yangu mdogo. Tanga ndilo lililokwenda kumtafuta.